Kazi ya Mungu na Breki za Iwambi

Mchungaji alikuwa amemaliza sala, jeneza bado liko ndani, ndipo mzee wa kanisa aliposimama kutoa yale maneno ambayo kila aliyewahi kukaa chini ya turubai la msiba anayajua kabla hayajatamkwa: kazi ya Mungu haina makosa. Tukaitikia kwa kunung'unika, kama inavyopasa. Kisha mtani, Mngoni mmoja fundi wa breki mwenye gereji kando ya barabara kuu hapa Mbalizi, akajikohoza na kuuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya sukari:

"Na kazi ya tajiri wa gari, nayo haina makosa?"

Watu walicheka. Walicheka kwa namna ya msibani, vichwa chini, mabega yakitikisika, mama mmoja akivuta khanga hadi machoni. Marehemu alikuwa utingo. Gari lao la mahindi lilikuwa linashuka mteremko wa Iwambi, dereva ametoa gia na kuliachia frii ili abane dizeli, maana kule anakofanyia kazi dizeli inayozidi hesabu hukatwa kwenye mshahara. Gari zito likishuka hivyo injini hailishiki tena, kazi yote inaangukia breki. Breki zikashika moto, zikalegea, na kila alipokanyaga upepo ukazidi kuisha. Mengine huwa hayasimuliwi msibani. Wafiwa ni Wahehe, na Mngoni kwa Mhehe ni mtani: babu zao walipigana karne ya 19 mpaka wakachoshana, na katika vita vile kilichobaki kwa wajukuu ni haki ya kuambiana lolote, hasa siku ambayo wengine wote wamefungwa midomo na heshima. Mzee wa kanisa alimtazama yule fundi kwa muda. Hakumkemea. Mtani hakemewi.

Usiku ule nilikitoa kitabu nilichowahi kununua kwenye vitabu vya mitumba kule Mwanjelwa, tafsiri ya Kiingereza, jalada limebanduka: Candide, riwaya fupi ya Mfaransa Voltaire, iliyotoka mwaka 1759. Nilikuwa nimeisoma mara mbili kama kichekesho cha Wazungu wa zamani waliovaa nywele za bandia. Mara hii niliisoma kama maneno ya mtani.

Ila mtani hawezi kuwepo kabla ya mzee wa kanisa, kwa hiyo tuanze na mzee. Leibniz, Mjerumani, hakuwa mjinga hata kidogo. Ni mmoja wa wale wawili waliobuni hesabu za kalkulasi, mwingine akiwa Newton. Mwaka 1710 alichapisha kitabu alichokiita Theodicy, neno alilolitunga mwenyewe kwa kuunga Mungu na haki katika Kigiriki. Hoja yake ni fupi. Mungu anajua yote, anaweza yote, na ni mwema. Kabla ya kuumba alikuwa na malimwengu yasiyo na idadi ya kuchagua, naye akachagua huu wetu. Asingeweza kuchagua ulio duni. Basi huu ndio ulio bora kuliko yote yaliyowezekana. Hakusema kwamba hakuna maovu. Alisema maovu yana nafasi yake katika jumla, kama weusi kwenye picha, na kwamba sisi tunaona kona tu ya picha yenyewe. Miaka ya 1733 na 1734 mshairi Mwingereza Alexander Pope akaliweka wazo la jirani na hilo katika beti zilizosomwa Ulaya nzima.

Ukiitazama vizuri hoja hii utaona shida yake: haiwezi kushindwa. Kila maiti unayoiletea inapata nafasi kwenye hesabu. Ukisema mtoto amekufa, unajibiwa jumla. Na asiyeshindwa kwa hoja hapigwi kwa hoja. Voltaire alilielewa hilo, kwa hiyo hakuandika kitabu cha kubishana na Leibniz. Alichukua hoja yake yote, akampa mtu mmoja mwenye mdomo aibebe, kisha akamtembeza mtu huyo duniani: vitani, kwenye kaswende, kwenye meli inayozama, kwenye tetemeko, kwenye kitanzi. Mtu huyo ni mwalimu Pangloss. Jina limetokana na Kigiriki na maana yake ni ulimi mtupu, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na kina Majivuno na Karama wa Shaaban Robert hana haja ya kufafanuliwa. Angeitwa Bwana Ulimi na maisha yangeendelea.

Kuna mahali pamoja kitabuni ambapo nimepasoma nadhani mara kumi. Meli inaingia ghuba ya Lisbon katikati ya dhoruba. Ndani yumo Jacques, Mnabatisti mwema aliyewaokota Candide na mwalimu wake wakiwa hawana kitu, akawalisha na kuwatibu. Baharia mmoja katili anampiga Jacques, na kwa nguvu ya pigo lake mwenyewe anarushwa nje ya meli na kubaki akining'inia kwenye mlingoti uliovunjika. Jacques anakwenda kumvuta. Anafaulu, lakini yeye mwenyewe anatumbukia, na baharia anamwacha azame bila hata kumtazama. Candide anataka kuruka amfuate. Pangloss anamzuia, tena kwa falsafa: anamthibitishia kwamba ghuba ya Lisbon iliumbwa makusudi ili Mnabatisti huyu azame humo.

Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya nne au ya tano niliona mkono. Ule uthibitisho unamshika mtu bega asiruke majini. Kumbe hapo ndipo Voltaire alipokuwa akielekea: kwamba kauli ya kufariji, ikisemwa mapema mno, mtu akiwa bado anapiga mikono majini, inageuka kuwa kazi inayofanywa kwa faida ya baharia. Mzee wetu wa kanisa hakuwa na nia hiyo. Lakini nilijiuliza maneno yake yalimfaa nani zaidi siku ile, mama wa marehemu au mwenye gari.

Lisbon yenyewe haikubuniwa. Tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani na mishumaa imewashwa, ardhi ilitikisika, mji ukaanguka, bahari ikapanda juu ya waliokimbilia ufukweni, na moto ukamalizia. Walikufa makumi ya maelfu. Voltaire aliandika kwanza shairi la uchungu, akauliza Lisbon ilikuwa na dhambi gani kuizidi Paris. Akajibiwa na Rousseau, kwa barua ya tarehe 18 Agosti 1756, na jibu hilo ni la kushangaza. Rousseau ndiye aliyekuwa upande wa Mungu. Lakini ili amtetee Mungu alijikuta akizungumzia ujenzi: maumbile, alisema, hayakukusanya pale nyumba elfu 20 za ghorofa sita na saba. Watu wangekaa kwa kutawanyika, madhara yangepungua. Na wangapi walikufa kwa kurudi ndani kuchukua nguo, karatasi au fedha?

Kwa hiyo si kweli kwamba swali la fundi wetu ni la wasioamini. Aliyeuliza nani alijenga, na alijenga vipi, ni yule aliyekuwa anaitetea kazi ya Mungu. Baadaye Rousseau alidai kwamba Candide ndiyo jibu la barua yake, na kama ni hivyo, ni jibu lisilomtendea haki.

Sisi huku tunakaa juu ya Bonde la Ufa, na tetemeko si hadithi ya mbali. Tarehe 13 Desemba 1910 upande wa Rukwa ulitikiswa na tetemeko linalohesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa ya karne ya 20 katika Afrika nzima. Hakuna mwanafalsafa aliyeliandikia shairi, wala hapakuwa na mtu wa kumwandikia barua. Nadhani Rousseau angesema: mnaona, hamkuwa na ghorofa.

Mahali pengine pa kitabu panapotuhusu kuliko tunavyodhani ni pale Suriname. Candide anamkuta mtumwa amelala njiani, hana mkono mmoja wala mguu mmoja. Mkono ulikatwa kwa sababu ya kinu cha miwa, mguu kwa sababu alijaribu kutoroka, naye anaeleza kwa utulivu kwamba hiyo ndiyo bei ya sukari inayoliwa Ulaya. Miaka 17 baada ya kitabu hicho kutoka, mwaka 1776, mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa: watu 1,000 kila mwaka, piasta 20 kwa kichwa, wapelekwe Île de France, kisiwa ambacho leo ni Mauritius. Misafara iliyoteremka Kilwa ilitoka bara, hadi huku kwenye njia za Ziwa Nyasa. Ile karne ya mwanga ilikuwa inatiwa sukari kwenye kahawa yake na watu waliopitishwa nchi hii. Sina hamu ya kumlaumu Leibniz kwa hilo, alikufa 1716. Ila natamani kujua watu 1,000 kwa mwaka wanaandikwa safu ipi ya ile hesabu isiyoshindwa.

Sasa turudi kwa Shaaban Robert, maana nimemtaja nikampita. Kusadikika ilitoka mwaka 1951, chini ya utawala wa Mwingereza, na ni kejeli ya kweli: nchi inayoelea hewani, Karama amesimamishwa mahakamani kwa kosa la kutaka elimu ya sheria ifundishwe, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, pamoja na mbinguni na ardhini, kila mmoja akarudi na mema ya huko na kutupwa gerezani. Wengi wanaisoma kama fumbo la ukoloni tu. Mimi naona kitu kingine. Shaaban Robert anacheka kwa mdomo lakini moyo wake ni wa mzee wa kanisa. Wafungwa wanafunguliwa, mfalme anasikia, haki inakaa kitini. Anaamini kabisa kwamba dunia ikielezwa vizuri itatengenezeka. Ni mwenye matumaini aliyeazima sauti ya mtani.

Na kama unataka kuona tofauti yake na Voltaire, nenda shambani. Candide inaishia kwenye shamba dogo karibu na Konstantinopoli. Wahusika wamechoka, wamezeeka, Pangloss bado anaongea, na Candide anamkata kauli: tuna kazi ya kulima. Utubora, yule wa Utubora Mkulima iliyochapishwa 1968 baada ya mwandishi kufariki, naye anaacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima kijijini. Ila Utubora analima kwa furaha ya mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba shamba ni wema, wakati Candide analima kama mtu aliyefunga mlango ili asisikie.

Kuna kitu kwenye ule mwisho wa Voltaire ambacho wanaoupenda hukipita haraka. Anayewafundisha kulima ni mzee mmoja Mturuki mwenye shamba la ekari ishirini hivi. Siku hiyo mjini wamenyongwa mawaziri na mufti. Wanamuuliza majina yao, naye anajibu kwamba hayajui na hajawahi kuyajua; yeye hupeleka matunda yake kuuza mjini, basi. Kisha anawaandalia vinywaji na machungwa. Ni picha nzuri. Lakini imesimama juu ya sharti moja ambalo halitamkwi: kwamba mji nao hautakuja shambani. Voltaire mwenyewe aliweza kuliamini hilo kwa sababu wakati huohuo alikuwa ananunua Ferney mpakani mwa Uswisi, mahali ambapo mtu akitafutwa na serikali moja anavuka kwenda nyingine.

Isimani haina mpaka wa kuvuka. Iko kaskazini mwa Iringa, kwenye barabara ya Dodoma, nchi ya mahindi, na kuanzia miaka ya 1950 baadhi ya wakulima wake walikuwa na mashamba makubwa na matrekta. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, msomi aliyekuwa akisukuma vijiji vya ujamaa kwa bidii kubwa, alimfuata Saidi Mwamwindi shambani kwake. Walizozana. Mwamwindi alimpiga risasi, akapakia mwili kwenye gari la mkuu wa mkoa mwenyewe, akaliendesha mpaka polisi Iringa mjini na kujisalimisha. Baadaye alinyongwa. Jina la Klerruu limebaki kwenye chuo cha ualimu mjini Iringa. La Mwamwindi limebaki midomoni, na hutajwa kwa sauti tofauti kutegemea nani anasikiliza.

Miezi mitano baadaye, Mei 1972, chama kilikutana Iringa hiyohiyo na kutoa tamko la Siasa ni Kilimo. Nilipokuwa mwanafunzi tulilikariri kwa ajili ya mtihani bila kuambiwa nini kilikuwa kimetokea si mbali na pale. Novemba 1973 ikaja amri kwamba kukaa vijijini si hiari tena, na mwisho uliwekwa 1976. Ujamaa ulikuwa na moyo mwema kuliko falsafa nyingi nilizosoma, na nimekula matunda yake: nilisoma bure. Lakini na wenyewe ulikuwa na hesabu yake ya jumla. Aliyehamishwa na kuacha kaburi la babu yake na mti wa mwembe aliambiwa jumla.

Na fasihi ilijibu nini? Mwaka 1967, uleule wa Azimio la Arusha, Fortunatus Kawegere alikuwa ametoa tafsiri ya kitabu cha George Orwell, akakiita Shamba la Wanyama, shamba tena. Kisha 1975 Euphrase Kezilahabi akatoa Dunia Uwanja wa Fujo. Mhusika wake mkuu, baada ya ujana wa ovyo, anatulia, analima, anafanikiwa. Siasa mpya inalifikia shamba lake. Anamuua kiongozi wa serikali na anahukumiwa kifo. Ni vigumu kusoma kurasa zile bila kusikia bunduki ya Isimani. Na jina la mhusika huyo ni Tumaini. Kezilahabi hakuhitaji kuongeza neno. Ameiita riwaya yake uwanja wa fujo halafu akamnyonga Tumaini ndani yake. Si kejeli ya kuchekesha kama ya Voltaire. Ni utani wa mtu ambaye hakuna anayemcheka.

Nikizisoma mbili hizi pamoja naona kwamba Kezilahabi alikwenda mbali kuliko bwana mkubwa wa Ferney. Voltaire alimshinda Bwana Ulimi kwa kumpa jembe. Kezilahabi alijua kwamba Bwana Ulimi anaweza kufika shambani na gari la serikali na kukuelekeza namna ya kulishika. Sisemi hivyo ili kumdhihaki Nyerere, ambaye mwaka 1977, katika tathmini ya miaka kumi ya Azimio, alikiri kwa kalamu yake kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea. Pangloss hakuwahi kuandika ukurasa wa namna ile. Karibu na mwisho wa kitabu anasema bado anashikilia yaleyale, kwa sababu mwanafalsafa hafai kujikanusha.

Siku ya tatu tulianua tanga. Yule fundi alikuja mapema kuliko wote, akala kuliko wote, akadai mbuzi wa utani na akapewa kuku. Kabla ya kuondoka alikaa na ndugu wa marehemu nyuma ya nyumba kwa muda mrefu, akichora chini kwa kijiti: ngoma ya gurudumu, viatu vya breki, mpira wa upepo unaopita wapi na unachanikia wapi. Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja alipiga picha mchoro ule kwa simu, ili auonyeshe kwa wanaohusika.

Baba wa marehemu alinikuta pale, akaniomba nimsindikize shambani. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na maharage yalikuwa yanangoja. Alitoka Isimani zamani, akifuata biashara ya mahindi kwenye malori ya kwenda Tunduma, akabaki huku. Nilijua umri wake, nikapiga hesabu, nikaona mwaka 1971 alikuwa mtoto wa kama miaka tisa. Tulilima kimyakimya mistari miwili. Kisha nikashindwa kujizuia.

"Baba, ile Krismasi ya Klerruu unaikumbuka?"

Alisimama, akaegemea mpini.

"Mwalimu, siku ile tulikuwa tunasubiri wali. Wali ulikuwa wa mara moja kwa mwaka. Mama alikuwa ameshautenga, mara watu wakaanza kukimbia, na sisi tukakimbizwa porini." Akafuta jasho. "Tuliporudi, mbwa walikuwa wameshaula."

Akainama tena, nami nikainama. Tulikuwa tumefika katikati ya mstari wa tatu wakati kule Iwambi lori lilipoanza kushuka. Kutoka pale shambani huwezi kuliona, unalisikia tu: kwanza injini iliyobanwa na gia, kisha ule mlio wa breki zinazoachia upepo, pss, kimya, pss. Mzee aliinua kichwa. Tukasimama wote wawili, majembe mkononi, tukahesabu zile sauti mpaka lilipovuka daraja la Mbalizi.